Sheria Iliyokatwa Kaptula

Hapa Kariakoo neno "hakuna" halijawahi kumlipia mtu kodi ya chumba. Ndiyo maana Sabaha binti Rajabu hakuwa nalo. Ukimwuliza mabeseni, yapo. Ukimwuliza vitasa vya milango ya kizamani, vipo. Siku moja mzaha ulimpata mtu, akamwuliza kama kuna theluji. Sabaha akamtazama usoni bila kucheka, akamwuliza anataka ya kupima au ya pakiti.

Alikuwa winga. Winga hana duka, hana stoo, hana mzigo. Ana miguu, ana mdomo, na Kariakoo nzima ameibeba kichwani, fremu kwa fremu. Mteja akija anatafuta kitu, winga anamkalisha kivulini, anakimbilia machimbo, yaani stoo na fremu anazozijua yeye, anarudi na kitu mkononi, na juu ya bei ya mwenye mali anaweka chake kidogo. Hicho watu wanakiita cha juu. Kuna wanaokiita wizi, lakini hao ni wale waliowahi kujaribu kutafuta kitu Kariakoo peke yao, wakarudi nyumbani jioni na malengelenge na kitu kingine kabisa.

Sabaha alizaliwa Ilala, kwenye nyumba ya vyumba sita na bomba moja. Mama yake alikaanga samaki wa Feri, na yeye akiwa na miaka kumi na tisa alianza kutembeza vibanio vya nywele mkononi. Vibanio vilimfundisha jambo moja: mzigo ni mzito, lakini kujua mzigo uliko hakuna uzito wowote. Akaacha vibanio, akabaki na kujua. Aliolewa mara mbili. Mume wa kwanza alifariki. Wa pili alikuwepo tu, naye Sabaha akamrudisha kwao bila ugomvi, kama unavyorudisha kiatu kisichokutosha.

Mali yake kubwa ilikuwa baraza isiyo yake. Ilikuwa mbele ya duka la mabegi la Leodegar, Mchaga wa Rombo ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi. Baraza ile ilikuwa na kivuli kuanzia saa nne asubuhi, na ilikuwa na kigoda. Usidharau kigoda. Winga asiye na pa kumkalisha mteja ni mtu anayepiga kelele juani, na mteja aliyesimama ana miguu ya kwenda kwa mwingine. Makubaliano yao yalikuwa ya mdomo, ya miaka kumi na miwili: Sabaha anakalisha wateja wake pale, na yeyote anayetaka begi, begi la aina yoyote, anaingizwa kwa Mangi kwanza.

Mwezi uliopita makubaliano yakaingia ufa. Alikuja mfanyabiashara wa Songea akitaka masanamu ya kuvalishia nguo za watoto, yenye vichwa. Yapo, akasema Sabaha. Mtu wa Songea akakaa kigodani tangu adhuhuri. Akala chipsi zake pale. Alasiri ikamkuta amelala, amekiegemeza kichwa kwenye begi jipya la ngozi, na udenda wake umeandika historia juu ya begi hilo. Sabaha alirudi na masanamu sita, mazuri, hayana kichwa hata kimoja.

"Vichwa vinakuja," akasema.

Havikuja. Mangi alisubiri mteja aondoke, akafuta begi, akasema taratibu, maana Mangi akikasirika hupunguza sauti.

"Sabaha, mimi sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na hilo neno lako. Mteja mmoja tu tena akikaa kwenye kigoda changu akisubiri kitu ambacho hakipo, baraza hii nampa Beno."

Beno naye alikuwa winga, mwanamume wa miaka thelathini na tano mwenye viatu vilivyochongoka. Alikuwa ameegemea nguzo ya jirani, anasoma simu ambayo ilikuwa imezimwa. Tangu siku hiyo akawa anaegemea nguzo ile kila siku.

Basi siku ya Jumatatu wakaja wanawake wawili. Mmoja alikuwa Clotilda, mkutubi wa maktaba moja ya sheria hapa mjini, amevaa miwani na amebana kwapani mabango makubwa yaliyoviringishwa. Mwingine alikuwa mzungu wa umri wa kustaafu, jina lake Bibi Marit, katoka Norwe. Kiswahili chake alikisomea Zanzibar, kisafi mpaka kinatia aibu.

"Shikamoo, Bibi," Sabaha akasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Tunahitaji mikoba mia na themanini, na muda wetu ni finyu."

Shida yao ilielezeka. Kesho yake ulikuwa unafunguliwa mkutano wa kimataifa wa wakutubi wa sheria, kwenye hoteli moja kule Posta. Wageni wanatoka nchi zaidi ya thelathini, kila mgeni lazima apewe begi la kubebea makaratasi, na mabegi yaliyoagizwa yalikuwa yamekwama njiani. Sabaha akawaingiza kwa Mangi. Mangi akataja bei, Sabaha akaitukana ile bei kwa niaba ya wateja, Mangi akaapa kwa jina la mama yake, Sabaha akamkumbusha kwamba mama yake ameshaapiwa mara mbili tangu asubuhi, na biashara ikaisha. Mangi na mpagazi wake wakaanza kuyafunga mabegi ishirini ishirini. Bibi Marit akaketi kigodani, Clotilda akasimama pembeni yake na mabango yake.

"Hayo mabango ni ya nini, dada?" Sabaha akauliza.

"Ya mkutano, lakini yameharibika. Mchapaji ameandika tarehe ya mwaka jana. Nayapeleka kutupa."

Sabaha akaligusa moja kwa vidole viwili. Karatasi nzito, inayong'aa. Akaliandika kichwani, kama anavyoandika kila kitu.

"Na wewe, mwanangu, duka lako liko wapi?" Bibi Marit akauliza.

"Sina duka, Bibi. Mimi najua vitu vilipo. Nyie huko maktaba, vitabu ni vyenu?"

"La. Ni vya umma."

"Mmeviandika nyie?"

"Hatukuviandika."

"Mnajua tu vilipo, mtu akija mnamtolea."

"Hivyo hasa."

"Basi nyie ni mawinga," Sabaha akasema. "Cha juu mnaweka?"

Clotilda akacheka mpaka akavua miwani. Akasema cha juu hawaweki, na hata wangeweka, wangekiweka juu ya nini? Yeye mwenyewe kesho ana zamu ya kuzungumza kuhusu sheria zilizotungwa, zikatangazwa, halafu zikapotea, mtu unahukumiwa kwa karatasi ambayo hakuna anayeweza kukuonyesha. Na ile moja aliyotaka kuifanya mfano hajaipata.

"Nimeitafuta miezi kumi na moja. Sheria ndogo za mabaraza ya maduka, za mwaka sabini na nne. Kila mahali nimeambiwa ilikuwepo. Hakuna mwenye nakala."

"Ipo," Sabaha akasema.

Nakuapia hakukusudia. Mdomo ulikuwa na mazoea ya miaka kumi na saba, ukatangulia. Mangi, aliyekuwa amebana kamba kwa meno, akaacha kuvuta. Beno kwenye nguzo yake akatia simu mfukoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya watu.

"Ipo wapi?" Clotilda akauliza, na sauti yake ikawa ya mtu anayeogopa kuamini.

"Stoo. Kaeni, nusu saa tu nawaletea."

Mangi akatoa kamba mdomoni. "Sabaha," akasema kwa sauti ndogo kabisa. "Kigoda kina mtu."

"Nakiona, Mangi."

Akakunja kona. Hakukimbia, maana winga anayekimbia ametangaza kuwa hana. Alitembea akifikiri. Winga mchanga huuliza nani anacho. Winga mzoefu huuliza kilipita mikono ya nani mara ya mwisho. Karatasi za ofisi zikizeeka zinaenda wapi? Zinaenda kwa wauza karanga. Akaenda moja kwa moja kwa Zamda, aliyekuwa amekaa mbele ya sinia lake anasokota vibomba vya karatasi.

"Zamda, karatasi za serikali unafungia?"

"Siku hizi sina. Zile za zamani zilikuwa ngumu, hazisokoteki, karanga zinatoroka. Ngumu zote tuliwaachia mafundi cherehani. Muulize Mzee Abdulhamid, shemeji yake alikuwa tarishi ofisini."

Mzee Abdulhamid alikuwa fundi wa sare za shule, Mtaa wa Mchikichi, cherehani moja na misumari arobaini ukutani. Kila msumari ulining'iniza karatasi za kukatia: kola, mkono wa shati, mguu wa kaptula. Fundi haanzi kupima kitambaa upya kila mara. Anaweka karatasi juu ya kitambaa, anapitisha chaki pembeni, anakata.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ukija hapa ujue kuna mtu umemdanganya mahali."

"Safari hii bado sijajua kama nimemdanganya. Hizi karatasi zilitoka wapi?"

"Shemeji yangu, Mungu amrehemu. Ofisi yao ilihama, zikawa zinatupwa, akaniletea mzigo kwa baiskeli. Karatasi nzuri sana. Serikali ya zamani ilikuwa inaandika kitu unaweza kukatia suruali."

Sabaha akaanza kusoma ukuta. Kwenye kola kulikuwa na tangazo la ng'ombe waliopotea. Kwenye mkono wa shati kulikuwa na orodha ya wapiga mnada. Akafika kwenye kaptula ya shule, ya mtoto wa darasa la tano. Mguu wa mbele wa kushoto, juu, kwa herufi nene zilizofifia: *Sheria Ndogo za Mabaraza ya Maduka, 1974.*

Akasogea, akasoma.

Mguu wa kushoto ulikuwa na kifungu cha kwanza hadi cha tatu. Cha tatu kilisema hivi: baraza iliyo mbele ya duka ni njia ya watu wote, wala si mali ya mwenye duka, na mwenye duka asiweke juu yake bidhaa yoyote. Sabaha akatabasamu. Akamwona akilini Mangi na mabegi yake hamsini yaliyojaa baraza kama kondoo wa mnadani. Akageukia mguu wa kulia, akasoma cha nne, akafika cha tano: mtu yeyote asisimame wala kuketi katika baraza kwa nia ya kuita wateja.

Tabasamu likarudi lilikotoka.

"Mzee, hii kaptula naiazima."

"Haiondoki. Kaptula hiyo imevaliwa na nusu ya mtaa huu. Wengine sasa ni mawakili. Januari shule zikifungua nitakata nini?"

"Nikikupa karatasi ngumu kuliko hiyo, kubwa, inayong'aa, isiyolowana?"

Fundi akamtazama juu ya miwani. "Ipo?"

"Ipo," akasema Sabaha, mara ya pili siku hiyo.

Mzee Abdulhamid akazitoa karatasi msumarini, lakini akazishika mwenyewe, akafunga cherehani kwa mnyororo, wakatoka pamoja. Njiani Sabaha alikuwa anapiga hesabu, na fundi akaanza kumwogopa.

Hesabu yake ilikuwa hii. Akirudi mikono mitupu, kigoda kimekaliwa bure, na baraza ni ya Beno kabla ya adhana ya alasiri. Akirudi na kaptula, ameleta kwa mikono yake sheria inayomwondoa barazani. Mtaro ulikuwa pembeni pale, una maji meusi, una njaa. Karatasi ingezama hata kabla fundi hajamaliza kusema jina la Mungu. Lakini Sabaha hakuyapata maisha yake kwa kutupa vitu. Karatasi inayokuumiza wewe peke yako, ifiche. Inayokuumiza wewe na mwenzako, mwonyeshe mwenzako kwanza.

Akamwacha fundi kwenye kona, akachukua mguu wa kushoto peke yake, akapitia mlango wa nyuma wa duka, akamwita Mangi kwa kidole.

"Soma hapo. Cha tatu."

Mangi akasoma akisogeza midomo. Akageuka kuyatazama mabegi yake barazani. Akasoma tena.

"Hii ndiyo anayotaka yule mama?"

"Hiyo. Kesho anaisoma mbele ya watu wa nchi zaidi ya thelathini."

"Sabaha. Nenda kamwambie haipo."

"Nimwambie nini?"

"Haipo. Sema tu, mara moja. Baraza inabaki yako, Beno namfukuza hata kwenye ile nguzo."

Hapo ndipo Sabaha alipokaa juu ya furushi la mabegi akatulia, na ukitaka kumjua mtu mtazame anapopewa bure kile alichokuwa anakililia. Baraza aliitaka. Usiku uliopita alikuwa ameiota, ikiwa na Beno juu yake. Lakini bei aliyotajiwa aliijua vizuri kuliko Mangi.

"Mangi, wewe unauza mabegi. Ukitoa begi moja unabaki na mengine. Mimi nauza neno moja. Nikisema haipo leo, Beno yupo pale anasikia, kesho saa mbili mtaa mzima unajua Sabaha alisema haipo. Baraza utanipa. Nimkalishe nani?"

"Mswahili wewe utatuua wote."

"Kama tunakufa wote, itakuwa msiba wa halaiki, gharama tutagawana."

Akanyanyuka, akamwita fundi, wakatokea mbele ya duka. Sabaha akautandaza mguu wa kushoto juu ya mapaja ya Bibi Marit, na mguu wa kulia juu ya rundo la mabegi, na vipande viwili vya nyuma akavishika mwenyewe hewani. Ukitazama kwa mbali ungesema mzee wa watu anapimwa kaptula.

Clotilda alisoma kichwa cha habari, akaweka mkono mdomoni, akasogea, akasoma tena. Bibi Marit akafungua mkoba wake, akatoa glavu nyeupe za pamba, akazivaa.

"Bibi anaumwa ngozi?" fundi akamnong'oneza Sabaha.

"Ndivyo wanavyoshika karatasi."

"Mimi nimeishika kwa mafuta ya cherehani miaka arobaini, haijalalamika."

Wakaipiga picha kila upande, kwa simu ya Clotilda na kwa simu ya Bibi Marit. Clotilda akahesabu vifungu kwa kidole. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Akatafuta huku na huku.

"Mzee, cha sita kiko wapi? Lazima kulikuwa na cha adhabu."

Fundi akafikiri. "Kitakuwa kilikuwa hapa katikati, kwenye ukingo. Hapo unakata unatupa. Lazima utupe, la sivyo mtoto hawezi kutembea."

Mangi, nyuma yao, akashusha pumzi kama tairi. Sheria isiyo na adhabu aliweza kuishi nayo, alikuwa na uzoefu wa ndoa.

Clotilda akatoa mabango yake yaliyoharibika, yote saba, akampa fundi bila hata kuombwa mara mbili. Juu yake kulikuwa kumeandikwa kwa herufi kubwa: *Sheria Imfikie Kila Mtu*. Mzee Abdulhamid akalikunja moja, akalikunjua, akalipiga kofi kusikiliza mlio.

"Hii ni mikono kumi na minne ya mashati," akasema. "Na kola juu yake."

Ndipo Mangi akajisogeza. Akakohoa. Alikuwa ameshaanza kuvuta mabegi kwa mguu, moja moja, kuyarudisha ndani ya kizingiti, akijifanya anafagia.

"Samahani, dada. Hii sheria mpaka leo inafanya kazi?"

"Hilo ndilo sijui, kaka," Clotilda akasema. "Nasikia ilifutwa miaka ya themanini na tangazo jingine. Kama ni kweli, hii ni karatasi ya historia tu, haimgusi mtu. Lakini hilo tangazo lililoifuta nalo halionekani. Kesho ningekuwa nalo mkononi, ningekuwa na hadithi nzima."

Mguu wa Mangi ukasimama juu ya begi. Taratibu akageuza kichwa, akamtazama Sabaha, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili alikuwa anamtazama kama mteja.

Sabaha alikuwa anakunja vipande vya nyuma vya kaptula, polepole, pembe kwa pembe. Mtu akikutazama hivyo, ukijibu haraka umejipunja.

"Sabaha," Mangi akasema.

"Abee, Mangi."

"Unamsikia dada anachotafuta?"

"Namsikia. Nawaza tu. Kutafuta kunataka mahali pa kumkalisha mtu."

"Baraza si ipo?"

"Ya nani?"

Mangi akalitazama begi lililo chini ya mguu wake. "Yako."

"Na kigoda?"

"Na kigoda."

"Na lile neno ulilosema mwezi uliopita, la mteja mmoja tu tena?"

"Neno gani? Mimi sikusema kitu."

"Na nguzo?"

Mangi akamgeukia Beno. Beno alikuwa mwelewa, hilo lazima tumpe. Alishaanza kuondoka, viatu vyake vinatangulia kona kabla yake.

Mangi akaingia ndani, akatoka na kiti cha plastiki chenye mikono, kile anachokalia yeye mwenyewe akila mchana. Akakifuta kwa kiganja, akakiweka kivulini, akamkaribisha Clotilda. Sabaha akasubiri mpaka mteja akae, maana mambo yana utaratibu wake.

"Tulia hapo, dada," akasema. "Ipo."

Kisha akamshika fundi mkono, wakaanza kutembea bila haraka kuelekea Mchikichi, mabango saba yakiwa begani kwa mzee.

"Mzee Abdulhamid," Sabaha akauliza walipokunja kona, "sketi za shule za wasichana, unakatia karatasi gani?"